Mahindi yakigeuka bisi kwenye skrini: ufupishe hatua, ulainishe punje, au uzikuze?

Mzee mmoja mchomeleaji pale Unga Limited, Arusha, alisimama nyuma yangu, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso, akaitazama kompyuta yangu kwa kitambo. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii ni hopa au sufuria ya bisi?"

Sikuwa na la kusema zaidi ya "Mzee wangu, bado naitengeneza." Mahindi kwenye skrini yalikuwa yanaruka nje ya hopa, mengine yanapaa kuelekea darini kama yameitwa. Hopa ya kweli, yaani faneli kubwa ya kumwagia mahindi kwenye mashine, ilikuwa imelala sakafuni hatua chache kutoka tulipokaa, bati la milimita 2, inasubiri mdomo wake ukatwe. Mteja ana mashine ya kukoboa Ngaramtoni, na swali lake lilikuwa fupi: mdomo ukiwa wa sentimita 10, gunia la kilo 100 litashuka lenyewe au itabidi kijana akae pale na nyundo? (Hopa nyingi za mji huu utazijua kwa makovu ya nyundo. Ukiona bati limebonyea pande zote nne karibu na mdomo, aliyelikata alikisia.)

Simulesheni ya punje moja moja, ambayo wengi tunaiita DEM, ni kazi ya Cundall na Strack, waliyoichapisha mwaka 1979. Wazo lake ni jepesi. Kila punje ni tufe. Kwa kila hatua ndogo ya muda kompyuta inatafuta nani anamgusa nani, wamezamiana kiasi gani, springi kati yao inasukuma kwa nguvu gani, halafu inazisogeza punje zote kidogo. Mahindi yanapogeuka bisi, maana yake mahali fulani kwenye mzunguko huo hesabu imepoteza breki. Dawa zinazotajwa mara kwa mara ni tatu: kufupisha hatua ya muda, kulainisha punje, au kuzikuza punje ziwe chache. Zote tatu hutuliza bisi. Zinatofautiana kwa kile zinachokuharibia kimyakimya, na ndiyo maana siwezi kukwambia ipi ni bora kabla hujaniambia unataka kujua nini kuhusu hopa yako: kasi ya kutoka, nguvu kwenye kuta, au kuvunjika kwa punje.

Kabla ya dawa, punje moja

Futa mahindi yote. Bakiza punje moja na sakafu. Iachie kutoka mita 1, uhesabu.

Inapaswa kugusa sakafu baada ya sekunde 0.45, ikiwa na kasi ya mita 4.4 kwa sekunde. Kama kiwango cha mdundo ulichoweka (kasi ya kurudi ikigawanywa kwa kasi ya kufika) ni 0.5, itaruka hadi sentimita 25 na si zaidi, kwa sababu kimo hufuata kiwango hicho kikizidishwa kwa chenyewe. Ikirudi juu kuliko ilikotoka, hatua ya muda ni kubwa mno: punje inazama ndani ya sakafu kwa mruko mmoja mrefu, na springi inaitema kwa nguvu ambayo haikuja nayo. Ikiwa punje moja inadunda vizuri lakini punje elfu zinalipuka, tazama mlipuko unatokea lini. Ukitokea kwenye hatua za mwanzo kabisa, ulizipanga punje zikiwa tayari zimepandiana, na hatua fupi haitakuokoa. Ukitokea pale punje zinapokutana kwa kasi, hapo shuku hatua.

Jaribio hilo hilo hufichua kosa jingine ambalo halirushi chochote, kwa hiyo hukaa ndani ya faili miezi. Punje ikichukua sekunde 0.58 badala ya 0.45 kufika chini, umeacha breki bandia ya Cundall ikiwa 0.4. Breki hiyo hupunguza nguvu yoyote inayosukuma punje kule inakokwenda, na mvutano wa dunia nao umo. Ni nzuri kwa mhandisi wa udongo anayetaka lundo litulie haraka. Kwa anayepima mtiririko ni sumu, kwa sababu mahindi yake yanaanguka kama yako kwenye sayari nyingine. YADE, programu ya bure ya DEM, huja ikiwa imewasha breki hiyo kwa 0.2 hata usipoigusa. Kwa hopa, izime iwe 0, upunguze nishati kwenye migusano yenyewe.

Dawa tatu, bei yake na madhara yake

Nitatumia punje yangu ya Ngaramtoni kama mfano: tufe la nusu kipenyo cha milimita 4, msongamano kilo 1,250 kwa mita ya ujazo. Tufe hilo lina uzito wa gramu 0.335, ambao unakaribiana na punje ya kawaida ya mahindi, na gunia la kilo 100 lina punje kama 300,000. Ukakamavu wake dhidi ya kukatwa nimeuweka paskali milioni 100.

Kipimo cha kuanzia ni muda wa Rayleigh, yaani muda ambao wimbi la mtikisiko huchukua kupita juu ya uso wa punje. Kwa punje hii ni kama microsekunde 48. Watu wengi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 30 ya muda huo. Mimi hukaa kwenye 20, kwa hiyo hatua yangu ni microsekunde 10. Siku ya bisi nilikuwa nimeweka 100, namba niliyoinakili kutoka faili la zamani la kokoto. Kokoto ni kubwa kuliko mahindi, na hatua hupungua pamoja na ukubwa wa punje.

| Dawa | Kazi ya kompyuta | Inaloharibu |
|---|---|---|
| Hatua nusu ya awali | Mara 2 zaidi | Haiharibu fizikia, ila subira yako |
| Ukakamavu umegawanywa kwa 100 | Mara 10 pungufu | Kuzamiana, mgongano, kunata, mawimbi |
| Kipenyo mara 2 | Mara 16 pungufu | Mtiririko kwenye mdomo mdogo, kukwama |

Kufupisha hatua ndiyo dawa pekee isiyodanganya. Ni ghali, lakini ukishuka kutoka microsekunde 10 hadi 5 na jibu halibadiliki, umethibitisha kwamba kosa halikuwa hapo, ukarudi 10 kwa amani. Mimi huitumia kama kipimo cha daktari zaidi kuliko tiba. Jihadhari na jambo moja tu: anayeamua hatua ni punje ndogo kuliko zote. Ukichanganya chenga za nusu kipenyo cha milimita 1 ili hopa ionekane ya kweli, umeigawa hatua kwa nne, na chenga zenyewe ni nyingi. Kama swali lako si kujitenga kwa chenga na punje nzima, zitoe.

Kulainisha kunapendwa kwa sababu hesabu yake inavutia. Hatua hukua kinyume na kipeuo cha pili cha ukakamavu: gawanya kwa 100, hatua mara 10. Na kwa kasi ya kutoka mdomoni, mahindi laini na mahindi makakamavu hutoka karibu sawa, kwa sababu mtiririko unaamuliwa na mdomo, mvutano wa dunia na msuguano, si springi. Hapo dawa hii ni halali kabisa. Swali ni unalainisha mpaka wapi.

Twende kwenye namba. Chini ya mahindi ya kimo cha sentimita 80, punje ya chini hubeba nguvu ya takriban nyutoni 0.36 kutoka kwa jirani. Kwa ukakamavu wa paskali milioni 100, punje mbili huzamiana kwa asilimia 0.15 ya kipenyo. Kwa milioni 10, asilimia 0.7. Kwa milioni 1, zaidi ya asilimia 3, na hapo hujaza hopa mahindi tena, umeijaza maharage yaliyochemshwa. Mpaka wangu ni asilimia 1, kwa hiyo milioni 10 nakubali, milioni 1 nakataa. LIGGGHTS, programu nyingine ya bure, nayo hukataa kwa ajili yako: ukitumia vipimo vya SI, haipokei modulasi ya Young (ukakamavu dhidi ya kubanwa au kuvutwa) iliyo chini ya paskali milioni 5. Nimeona vijana wakiizunguka kinga hiyo kwa kubadili vipimo. Usifanye hivyo. Kinga ile imewekwa na mtu aliyechoka kujibu swali hilo hilo.

Lakini badili swali, uone dawa hiyo hiyo inavyogeuka. Ile punje laini ya milioni 10 ikidondoka mita 1 kwenye bati gumu huzama asilimia 5 ya kipenyo chake, na muda wake wa kugusana na bati hurefuka. Nguvu ya juu ya mgongano inashuka. Kama unachotaka kujua ni punje ngapi zitavunjika zikigonga bati, au bati litachakaa wapi, umeshajipa jibu la kupendeza na la uongo. Hapo lipa gharama: rudisha ukakamavu na ufupishe hatua. Vivyo hivyo kwa kitu chochote kinachosafiri kama wimbi, na kwa joto linalopita kwenye eneo la mgusano, maana eneo hilo umelikuza wewe.

Kukuza punje ndiyo dawa ninayoiogopa zaidi kwenye hopa, ingawa ndiyo yenye punguzo kubwa kuliko zote. Punje zikiwa na kipenyo mara mbili, idadi inagawanyika kwa nane na hatua inakuwa mara mbili. Gunia la punje 300,000 linakuwa la punje kama 38,000, na kompyuta ya kawaida inalibeba bila kulalamika. Tatizo liko mdomoni. Beverloo na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba punje zinazotoka kwenye tundu la duara hufuata kanuni moja: kasi ya uzito hutegemea kipenyo cha tundu, ukitoa kama mara 1.4 ya kipenyo cha punje, kisha kupandishwa kipeo cha mbili na nusu. Kile kinachotolewa ni ukingo mtupu ambao punje haziwezi kupita. Kwa mdomo wa sentimita 10 na punje za milimita 8, kanuni inanipa kilo 3 kwa sekunde, yaani gunia kwa sekunde 33 hivi. Zikuze ziwe milimita 16, na mdomo ule ule unatoa asilimia 29 pungufu: gunia linachukua sekunde 46. Hakuna kitu kilicholipuka, hakuna onyo lililotokea, picha ni nzuri, na umemwambia mteja uongo wa sekunde 13.

Zaidi ya hapo, mdomo uliokuwa na upana wa punje 12 sasa ni wa punje 6. Karibu na 5 ndipo punje huanza kujenga daraja na kukwama zenyewe. Kwa hiyo ukiona hopa yako imekwama baada ya kukuza punje, usikimbilie kuongeza mwinamo wa bati. Wa kulaumiwa ni wewe. Mahali ambapo kukuza kunafaa ni ghala pana, trela la lori, au kihenge ambapo mdomo au mlango ni mpana mara nyingi kuliko punje. Hapo ningekuza bila wasiwasi.

Kwa hiyo kwa hopa ya Ngaramtoni nilichagua hivi: ukakamavu milioni 10, punje za ukubwa wake, hatua microsekunde 30. Hatua milioni 1 na kidogo kwa gunia zima.

Springi ya mstari au ya Hertz

Hapa sitakaa sana. Springi ya mstari ina ukakamavu mmoja, na mgusano huchukua muda ule ule uwe wa polepole au wa kasi, kwa hiyo hatua ni rahisi kuichagua: gawanya muda wa mgusano kwa 50, basi. Springi ya Hertz, yenye asili ya kazi ya mwanafizikia Heinrich Hertz ya 1882, inakuwa kakamavu zaidi kadiri punje zinavyozamiana, na namba zake ni za mali yenyewe ya kitu, ambazo angalau unaweza kuzitafuta. Kwa mtiririko, yoyote. Kwa shinikizo ndani ya kihenge kirefu au mawimbi, Hertz. Anayesema Hertz ni "halisi zaidi" kwa mahindi anasahau jambo: Hertz aliongelea miili yenye uso nyororo na mviringo, na punje ya mahindi ina ncha, bega na kovu la gunzi.

Gololi dhidi ya mahindi yenye mabega

Bisi ilipotulia, mzee alirudi na kikombe cha chai, akatazama tena. "Sasa zimetulia. Lakini hizo si mahindi, hizo ni gololi."

Ni kweli. Matufe hubingirika kirahisi, na lundo la matufe yenye msuguano wa kuteleza peke yake hukaa chini kuliko lundo la kweli. Mahindi makavu husimama kwenye mteremko wa nyuzi ishirini na kitu. Ukiwa na njia mbili za kuyazuia matufe yasibingirike, ipi uchague?

Ya kwanza ni msuguano wa kubingirika: tufe linabaki tufe, lakini unaliwekea kani inayopinga kuzunguka. Haiongezi gharama yoyote ya maana. Ila ina mtego ambao ulinila siku mbili. Aina yake ya zamani, ambayo LIGGGHTS huiita cdt, huweka kani ya ukubwa usiobadilika kinyume na mzunguko. Punje ikisimama, kani haijui isimame wapi, inarukaruka upande huu na huu. Lundo linaonekana limelala lakini nishati haifiki sifuri, na ukiliacha kwa muda linashuka polepole kama unga wa ugali wenye maji mengi. Nilidhani ni hatua ya muda, nikaifupisha mara mbili, nikapata lundo lile lile linalotetemeka. Ukiona dalili hiyo, acha hatua, badili aina: epsd2 ina springi ndani yake, hushika punje na kuituliza. Kwa lundo, ghala au hopa iliyofungwa mdomo, sitatumia cdt tena. Kwa punje zinazomwagika muda wote kwenye mfereji, haidhuru.

Ya pili ni kuunganisha matufe manne au matano yawe punje moja yenye mabega. Ni ghali: matufe mara nne, na kila moja ni dogo, kwa hiyo hatua nayo inapungua. Kwa punje ya matufe manne ya nusu kipenyo cha milimita 2.5, bei ni kama mara sita au saba. Unapata punje zinazobanana na kujifungia kama za kweli, jambo ambalo msuguano wa kubingirika huliiga kwa kukisia. Mtego wake ni uzito. Matufe yaliyoingiliana huhesabiwa uzito mara mbili pale yanapopishana, usipoiambia programu ikate hesabu upya. YADE, ukiacha mpangilio wake wa mwanzo, hujumlisha tu. Dawa yake ni mizani ya jikoni: pima punje 1,000 za kweli, kisha muulize kompyuta punje 1,000 zake zina uzito gani. Zangu zilikuwa nzito kwa karibu theluthi moja.

Uamuzi wangu: kwa mahindi ndani ya hopa yenye mdomo mpana, matufe yenye msuguano wa kubingirika yanatosha. Kwa kahawa ya maganda, ile inayokwenda kukobolewa Moshi, nisingejaribu. Buni ina upande bapa, inalala juu yake, na kwenye mfereji wenye mteremko inateleza badala ya kubingirika. Tufe lililofungwa breki haliwezi kulala kifudifudi. Hapo lipia mabega.

Vyovyote utakavyochagua, usilinganishe na lundo peke yake. Nilichukua bomba la PVC la inchi 4, nikalijaza mahindi juu ya ubao, nikaliinua polepole, nikapiga picha kwa simu nikapima mteremko. Kisha kwenye kompyuta nikapata mteremko ule ule kwa michanganyiko mitatu tofauti: msuguano mkubwa wa kuteleza na mdogo wa kubingirika, kinyume chake, na wa katikati. Lundo halikuweza kuniambia ipi ni sahihi. Kilichoamua ni kipimo cha pili, muda wa kutoka. Tulifunga mdomo wa hopa kwa kipande cha bati, tukamwaga gunia, mzee akavuta bati, mimi nikashika saa ya simu. Sekunde 36. Mchanganyiko mmoja tu kati ya mitatu ulikaa karibu na hapo.

Zinazopotea na zinazogoma

Punje zikitoweka, na programu ikilalamika kwamba zimepotea, usianze na hatua ya muda. Anza na kipimo cha hopa yako. Faili la STL, yaani mchoro wa hopa uliofumwa kwa wavu wa pembetatu, halisemi kama namba zake ni milimita au mita. Mchoro uliochorwa kwa milimita unaposomwa kama mita unazaa hopa ya kimo cha kilomita 1. Mahindi yangu yalidondoka humo kwa muda mrefu nikidhani bati limetoboka. Zidisha kwa 0.001. Kama vipimo ni sahihi na bado zinapenya, tazama pembetatu za wavu: zile nyembamba kama sindano, karibu na kona zilizokunjwa, ndizo mlango. Chora upya wavu badala ya kuongeza ukakamavu wa ukuta, ambao utakulazimisha ufupishe hatua bila sababu. Mwisho kabisa ndipo upanue eneo la kutafutia majirani. Likiwa dogo mno, punje mbili hukutana kabla kompyuta haijajua kwamba ziko jirani.

Punje zikigoma mdomoni, kinyume chake, mara nyingi hakuna kosa la hesabu. Msimu wa masika mahindi yanakuja kutoka shambani yakiwa na unyevu juu ya asilimia 13.5, ambayo ndiyo kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki, na hayo huweza kugoma hata kwenye hopa nzuri. Ukitaka kuyaiga, utaongeza modeli ya kunata, na hapa ile dawa ya kulainisha inakugeuka. Modeli rahisi hupata nguvu ya kunata kwa kuizidisha na eneo la mgusano. Ulipolainisha punje eneo lilikua, kwa hiyo mahindi yako yananata zaidi ya ulivyoagiza. Ama rudisha ukakamavu, ama upime upya kiwango cha kunata kwa ukakamavu ule ule utakaoutumia hadi mwisho. Kinachokatazwa ni kupima kwa punje kakamavu kisha kuendesha kwa punje laini.

YADE, LIGGGHTS, au ya kununua

Kwa anayeanza peke yake nyumbani Sakina au Pasua na Ubuntu kwenye mashine yake, ningemwambia YADE. Inasakinishwa kwa amri moja, inaandikwa kwa Python, na unaweza kusimamisha kazi katikati, ukaiuliza punje fulani iko wapi na inasukumwa na nani. Hakuna kitu kinachosaidia kutafuta kosa kuliko hicho. Udhaifu wake ni breki ile niliyoisema, na kwamba kazi ya punje laki tatu huihisi.

LIGGGHTS ilizaliwa kutoka LAMMPS ya maabara za Sandia, Marekani, na imejengwa kwa ajili ya kugawa kazi kwa viini vingi vya prosesa. Hopa za STL, matufe ya kuunganisha na kukagua hatua dhidi ya muda wa Rayleigh vimo ndani. Ile amri ya ukaguzi iweke kila faili, ingeniepusha na aibu ya bisi. Mpangilio wa amri ni mkali: ukitangulisha ukuta kabla ya mali yake, inakufukuza kwa ujumbe usioeleweka. Toleo lake la umma limekaa kimya, kwa hiyo anayetaka kitu kinachoendelea kutunzwa aitazame LAMMPS yenyewe na sehemu yake ya punje.

EDEM, Rocky na PFC ni za leseni. Rocky ina punje zenye nyuso bapa kweli badala ya matufe yaliyogandishwa, na EDEM na Rocky zinakimbia kwenye kadi ya picha. Kwa kiwanda kinachobuni mitambo kila mwezi zina maana. Kwa hopa moja ya Ngaramtoni, bei ya leseni ingenunua hopa nyingi na nyundo zake.

Kuna kigezo kimoja zaidi ambacho hakimo kwenye majedwali ya wazungu: umeme. Nilipoteza usiku mzima wa kazi saa kumi alfajiri, hatua 900,000 kati ya milioni 1.2, kwa sababu sikuwa nimeagiza faili la kuanzia upya. Zote mbili za bure zinaweza kuhifadhi hali katikati ya kazi. Mimi sasa naagiza kila hatua 50,000, kwa kupokezana mafaili mawili, ili umeme ukikatika wakati moja linaandikwa, la pili liwe zima.